Signal ya Wakorea: ile redio ya upepo ndo imeibeba au ndo imeiharibu?

#1 Mgosi wa Shume

Wakuu habari za mihangaiko. Usiku wa kuamkia leo nimemaliza Signal, ile sizoni ya Kikorea ya kituo cha tvN ya 2016, epizodi 16 kwa siku nne, na kichwa bado kizito. Najua wengi mliiona zamani mimi ndo nimechelewa, ila kuna kitu kinanikereketa naomba tujadili.

Kwa ambao hamjaiona: kuna polisi kijana wa mwaka 2015 anaitwa Park Hae-young, kazi yake kuchambua tabia za wahalifu, anaikuta redio ya upepo kwenye vitu vilivyotolewa kituoni vikatupwe. Haina betri. Ikifika saa 5:23 usiku inawaka yenyewe na upande wa pili anaongea mpelelezi Lee Jae-han, mtu wa zamani, mara yuko 1989 mara 1995 mara 2000 mwaka aliopotea. Wanapeana taarifa, kesi zilizolala zinaamka, ila kila wakigusa ya jana ya leo yanageuka, aliyekuwa hai unakuta kafa na aliyekufa unakuta anatembea.

Hoja yangu ni hii. Kama kazi ya upelelezi naipa tisa kwa kumi, lakini redio ndo udhaifu wake mkubwa. Kila mwandishi akibanwa, redio inaita. Mnanionyesha watu wana akili, wanasoma mafaili mpaka macho yanawawasha, halafu jibu linatoka hewani saa tano usiku? Ingebaki kesi za zamani tu, mashahidi wamezeeka, ushahidi umeoza, ingekuwa kali mara mbili. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kipepeo wa Usiku

Mkuu umemwaga spoila zote bila hata kuonya, weka onyo juu kabisa maana wengine tuko epizodi ya 5.

#3 Mgosi wa Shume

Samahani mkuu. ONYO: SPOILA NDANI. Kipepeo ondoka urudi ukimaliza.

#4 Binti Kizimkazi

Jamani nakupinga na nakupinga kwa nguvu zote. Redio haitoi majibu, angalia tena. Redio inatoa nusu ya jibu na inadai bei kubwa. Kesi ya kwanza, yule mtoto Yoon-jung aliyetekwa 2000, Jae-han anasema tu maiti iko wapi, nyuma ya ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Maiti yenyewe sio ya mtoto! Ni ya yule mwanaume ambaye nchi nzima iliamini ndo mtekaji. Kumbe naye kauliwa. Sasa redio imewasaidia au imewaongezea kazi, tena zimebaki saa chache kesi ife kwa sheria ya ukomo, yaani muda wa kumshtaki mtu uishe?

Halafu kesi ya yule baba mwizi, mnaikumbuka? Kasingiziwa kwa sababu Hae-young kapitisha taarifa kwenye redio bila kufikiria mara mbili, siku hiyohiyo daraja linaanguka na binti yake yuko kwenye basi. Redio imeua mtu pale. Mimi nililia nikazima laptopu.

#5 Njoro wa Nax

Naunga mkono #4. Na lile daraja si la kutunga kabisa wasee, walichukua kwa daraja la Seongsu pale Seoul lililoanguka Oktoba 1994 asubuhi watu wakienda kazi na shule, wakafa watu 32. Kwenye sizoni wamelibadilisha jina ila Mkorea yeyote akiona anajua.

#6 Mzee wa Kijiwe

Mi naona mnazunguka. Udhaifu wa Signal sio redio, ni zile rangi. Vipande vya zamani vyote njano njano, picha imevutika pembeni kama mtu unaangalia kupitia chupa ya soda. Nilidhani TV yangu imekufa nikamwita fundi.

#7 Kipepeo wa Usiku

#6 hahaha pole mzee, fundi alikulipisha?

#8 Mzee wa Kijiwe

Alikunywa chai akaondoka. Ila kwa kweli haikunikaa vizuri, mwaka 1989 watu walikuwa wanaona rangi kama kawaida.

#9 Mswahili wa Daejeon

Habari wadau, mi niko huku Korea nasoma, mwaka wa tatu sasa, naomba niongezee kidogo na kurekebisha.

Watu wengi wanasema kesi ya pili, ile ya wanawake wanaouliwa 1989, imetokea "mji wa Gyeonggi Nambu". Hakuna mji huo. Gyeonggi ni mkoa unaouzunguka Seoul, na nambu maana yake kusini. Ni namna ya kukwepa kutaja Hwaseong, maana mauaji ya Hwaseong ndo yenyewe: wanawake 10, kuanzia 1986 mpaka 1991, polisi wakahoji watu zaidi ya 20,000 na hawakumpata muuaji mwenyewe. Bong Joon-ho alishaitolea filamu 2003.

Sasa sikilizeni hii. Signal imetoka 2016 muuaji hajulikani. Septemba 2019 polisi wakatangaza DNA iliyokuwa kwenye nguo za marehemu, zimekaa stoo karibu miaka 30, imelingana na mtu anaitwa Lee Choon-jae. Na mtu huyo alikuwa jela tayari, kifungo cha maisha, kwa kumuua shemeji yake 1994. Akakiri mauaji 14. Enzi zile polisi walishamhoji wakamwachia kwa sababu waliamini muuaji ana damu ya kundi B, yeye alikuwa O.

Na hawakuweza kumshtaki. Mauaji ya mwisho ya Aprili 1991 yalikuwa na ukomo wa miaka 15, ukaisha 2006.

#10 Binti Kizimkazi

Subhanallah. Kwa hiyo jibu lilikuwepo stoo muda wote.

#11 Mswahili wa Daejeon

#10 Ndio, na baya zaidi kuna mtu alifungwa kwa mauaji ya nane, ya 1988, mlemavu wa mguu kwa polio. Alikaa ndani karibu miaka 20. Mahakama ikamsafisha Desemba 2020. Ukiangalia Signal sasa hivi ukijua hilo, vile vipande vya kumkamata asiyehusika na kumkandamiza mpaka akubali vinakaa vibaya sana tumboni.

#12 Mgosi wa Shume

#9 asante sana mkuu, hii sikuijua. Lakini si unaona inanisaidia mimi? Kesi halisi imefumbuliwa na nguo kwenye boksi na maabara. Hakuna redio. Na stori halisi inatisha kuliko ya kutunga.

#13 Binti Kizimkazi

Hapana Mgosi, inanisaidia mimi. 2016 hakuna aliyekuwa na jibu. Familia zilikuwa zimekaa miaka 25 na zaidi hazijui. Mwandishi Kim Eun-hee afanyeje, atunge DNA? Angetunga muuaji akamatwe kwa maabara, ingekuwa uongo mtupu na matusi kwa wafiwa. Redio isiyo na betri kila mtu anajua haipo. Ni kama kusema "laiti". Kile kifaa chote ni neno moja, laiti.

#14 Njoro wa Nax

Binti hapo umegonga ndipo.

#15 Wakili Mdogo wa Ilala

Kidogo kwenye sheria maana watu wananiuliza inbox. Kwa Korea mauaji yalikuwa na ukomo wa miaka 15, mwisho wa 2007 wakapandisha hadi 25, halafu 2015 wakafuta kabisa kwa mauaji ambayo muda wake ulikuwa bado haujaisha. Ndio maana Signal inacheza na 2000 na 2015, hesabu imekaa hapohapo kwenye ukingo.

Kwa Tanzania kosa la mauaji halina ukomo. Sheria ya Ukomo tuliyonayo ni ya madai, haigusi jinai. Kwa hiyo faili linaweza kufunguliwa hata baada ya miaka 40 kama ushahidi upo.

#16 Mswahili wa Daejeon

#15 sahihi. Huku wanaiita sheria ya Tae-wan, jina la mtoto wa miaka 6 wa Daegu aliyemwagiwa tindikali 1999. Inauma kwamba haikumsaidia yeye, kesi yake ilikuwa imeshapita. Kwenye Signal wamefanya kesi ya Yoon-jung ndo inawasha hasira za wananchi mpaka sheria inafutwa, hapo wamehamisha ukweli kidogo, ila uchungu ni uleule.

#17 Mama Chanja

Jamani mi niliangalia ya kutafsiriwa na DJ, mbona kwangu redio inaita alfajiri? DJ alisema "saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu". Nikawa najiuliza hawa watu wanaswali saa ngapi.

#18 Kipepeo wa Usiku

#17 hahahaha DJ kasoma 11:23 kama ilivyo! Ni saa tano na dakika ishirini na tatu usiku mama.

#19 Mama Chanja

Daah. Sizoni nzima nimeangalia nikijua kunapambazuka. Na kwangu yule dada mpelelezi, Cha Soo-hyun, alikuwa anaitwa Sofia.

#20 Njoro wa Nax

Sofia si mbaya. Kim Hye-soo anayemwigiza alistahili jina lolote, pale alichukua tuzo ya Baeksang ya mwigizaji bora wa kike 2016, na sizoni yenyewe ikachukua ya tamthilia bora, na mwandishi akachukua yake. Anaigiza msichana mgeni kituoni asiyejua hata kubeba chai bila kumwaga, na anaigiza bosi wa miaka 40 aliyechoka, na ni mtu mmoja. Angalia mabega yake tu, utajua uko mwaka gani hata bila rangi ya njano ya #6.

#21 Mzee wa Kijiwe

Hapo nimekubali. Tatizo langu lingine ni Hae-young, huyo steringi kijana, epizodi za mwanzo anapiga kelele kila neno. Anatulia kuanzia ya sita hivi.

#22 Fundi Redio

Wakuu salama. Mimi hizi redio za upepo nimezitengeneza miaka 11, za walinzi na za kambi za watalii, nataka niseme kitu ambacho sijaona mtu amegusa.

Redio ya upepo sio simu. Ukibonyeza kitufe unaongea, na ukiwa umebonyeza husikii kitu. Mpaka uachie. Kwa hiyo mtu akianza kusema jambo baya huwezi kumkatiza, huwezi kumwambia "ngoja usiende huko", unasubiri amalize, aachie, ile shhhh isikike, ndo na wewe ubonyeze. Na akiwa ameshaondoka unaongea na upepo.

Sasa rudieni vipande vya Hae-young anavyojaribu kumwonya Jae-han. Nusu ya uchungu iko kwenye kile kidole. Mwandishi angetumia simu ya mezani hii sizoni isingekuwepo. Kwa hiyo #1, mi nadhani redio yenyewe kama chombo ndo ubora wake, hata ukiondoa uchawi.

#23 Mgosi wa Shume

#22 duh. Hii ni hoja. Nipe muda.

#24 Binti Kizimkazi

Fundi ubarikiwe. Na ile stika ya njano ya uso unaocheka aliyoibandika Soo-hyun kwenye redio ya Jae-han, miaka 15 baadaye ipo palepale imechakaa. Anaitambua redio kwa stika.

#25 Dogo Mchambuzi

Tuingie kwenye swali lenyewe sasa, redio inafanyaje kazi? Maana sizoni inaisha haijasema. Mi nina nadharia: Jae-han ni mzimu. Kauliwa 2000, hakuzikwa kwa heshima, mifupa haikujulikana iko wapi. Kwetu mtu wa hivyo hatulii. 5:23 usiku ndo dakika aliyopigwa risasi.

#26 Njoro wa Nax

#25 hiyo dakika umeitoa kichwani mwako. Na Jae-han anaongea akiwa hai, yuko 1989 anakula tambi, mzimu wa mtu aliye hai unatokea wapi?

#27 Dogo Mchambuzi

Kumbuka simu ya kwanza kabisa anayoipokea Hae-young inatoka 2000, usiku ule wa mwisho wa Jae-han. Baada ya hapo ndo zinaanza za 1989. Yaani kwa kijana ni mwanzo, kwa mzee ni mwisho. Tena anamwambia redio itaanza upya, umshawishi Jae-han wa 1989. Ni mtu anayekufa anajirudisha nyuma.

#28 Wakili Mdogo wa Ilala

Hiyo hiyo inaonyesha ni mzunguko, sio mzimu. Jae-han wa 2000 anamjua Hae-young tayari, wameshaongea miaka 11. Basi yote yalishatokea kabla ya epizodi ya kwanza. Swali ni nani alianza? Kama ni duara hakuna aliyeanza, na hapo ndo naona udhaifu wa kweli: kama yote yalishatokea mbona yanabadilika tena? Duara haliwezi kuwa duara na njia panda kwa wakati mmoja.

#29 Mama Chanja

Mi najua ni ndoto ya Hae-young akiwa kapigwa risasi mwishoni. Anaamka kitandani kila kitu kimegeuka.

#30 Binti Kizimkazi

Ndoto hapana mama, mbona Soo-hyun naye mwishoni anakumbuka? Ndoto moja watu wawili? Ila suala la nani anakumbuka nini nakiri ni dhaifu. Soo-hyun anakufa kwenye lile gari la barafu linalolipuka, Jae-han anarekebisha ya zamani, anarudi hai na hajui kama alikufa. Hae-young pekee anajua. Halafu mwisho anaanza kukumbuka bila sababu. Kanuni ziko wapi? Wanakumbuka pale mwandishi anapowahitaji wakumbuke.

#31 Mgosi wa Shume

#30 kumbe na wewe una kasoro moja! Nimefurahi.

#32 Binti Kizimkazi

Ninazo nyingi. Yule mkubwa wa polisi Kim Bum-joo ni mbaya kuanzia anaingia mpaka anatoka, hana hata siku moja ya kusita. Wakati yule Ahn Chi-soo aliyeuza utu wake kwa sababu ya mtoto mgonjwa, huyo ana nyama. Nilitaka kumi kama Ahn Chi-soo.

#33 Kijana wa Muscat

Salaam kutoka Muscat. Mnasahau kipande kikubwa. Hae-young mtoto, kaka yake kafungwa kwa kusingiziwa, wazazi wametengana, yuko peke yake, anaingia kwenye kijihoteli cha watu wazima wanaokula nyama na kunywa, anaomba omuraisi. Mama wa pale hana kitu kama hicho kwenye menyu, anampikia. Na kila akija anapikiwa. Miaka imepita, amekuwa polisi, ndo anakuja kuambiwa kulikuwa na mpelelezi mmoja anakaa pembeni, anaacha hela, "huyu mtoto akija mpe anachotaka". Jae-han. Hawajawahi kuonana, na huyo mtu alikuwa anamlisha.

Mimi nimelelewa na shangazi, najua maana ya sahani inayokuja bila kuuliza. Hicho kipande hakina uchawi wowote na ndo bora kuliko vyote.

#34 Mzee wa Kijiwe

Omuraisi ndo nini?

#35 Mswahili wa Daejeon

#34 wali wa kukaanga umefunikwa na mayai ya kukaanga, juu tomato sosi. Watoto wanapenda sana huku.

#36 Kipepeo wa Usiku

Chipsi mayai ya wali.

#37 Njoro wa Nax

Na kile cha sinema jamani, epizodi ya nne. Yule dada wa ofisini aliyempenda Jae-han alikuwa amenunua tiketi mbili. Kauliwa, wa mwisho. Jae-han anaenda sinema peke yake, ni komedi, ukumbi mzima unavunjika mbavu na yeye kakaa katikati analia kwa sauti na hakuna anayemsikia. Cho Jin-woong anayemwigiza Jae-han pale hakuigiza, alilia. Hapo redio imeshindwa, imefika na jina na mahali na bado dada kafa. Ndo maana siwezi kukubaliana na #1.

#38 Mkimya

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Nimesoma uzi wote.

Kaka yangu mkubwa alitoka nyumbani 2003 na baiskeli na debe la mahindi kwenda mashine. Mashine iko kilomita nne. Debe lilionekana mashine, limesagwa, limelipiwa. Baiskeli ilionekana siku ya tatu imeegemezwa mwembeni njiani, haina hata mkwaruzo. Yeye hapana. Mama alikuwa anaenda kituoni kila mwezi, baadaye kila mwaka, akiambiwa faili liko sehemu nyingine. Mara ya mwisho kijana wa kaunta alimuuliza "2003 hiyo mama, mimi nilikuwa darasa la kwanza".

Mama wa Yoon-jung anayesimama nje ya kituo na bango miaka 15, mimi yule namjua. Namjua anavyovaa, anavyoshika mkoba. Kwa hiyo mnapouliza redio ni udhaifu au ubora mi sina jibu la kitaalamu. Ila ilipowaka mara ya kwanza nilisogea karibu na TV.

#39 Binti Kizimkazi

Mkimya pole sana ndugu yangu. Mungu awape subira wewe na mama.

#40 Wakili Mdogo wa Ilala

Pole Mkimya. Nilichosema #15 kinakuhusu, hakuna ukomo. Kama mna namba ya jalada hata ya kwenye karatasi ya zamani nitumie inbox, nitakuelekeza barua inaandikwaje na inaenda kwa nani. Sichaji.

#41 Mkimya

#40 namba ipo, mama aliiandika nyuma ya picha. Nakutumia jioni. Asante.

#42 Mgosi wa Shume

Wakuu nimesoma kuanzia juu. Mkimya pole sana. Kwenye hoja yangu, kwenye kanuni bado nimesimama: kumbukumbu zinayumba, duara la #28 halijajibiwa, na mwisho umeachwa wazi mno, wanaendesha gari kwenda hospitali moja, Jae-han yuko kitandani, na wabaya nao wako njiani, imekatwa hapo. Hiyo ni kutufanyia makusudi. Ila ile niliyosema itolewe redio nairudisha mfukoni kwanza. Fundi na Mkimya mmenivuruga.

#43 Dogo Mchambuzi

Mwisho sio wazi, yuko hai, amekaa macho. Na bado nasema ni mzimu.

#44 Njoro wa Nax

#43 yuko hai na ni mzimu, chagua moja dogo.

#45 Mzee wa Kijiwe

Wajapani waliirudia 2018, aliyeiona aseme kama nayo ina njano.

#46 Mswahili wa Daejeon

Sijaiona mzee, najua tu wimbo wake waliimba BTS, lile kundi la huku Korea. Nikipata nitaleta mrejesho.

#47 Fundi Redio

Mkimya, samahani kama nauliza vibaya. Ile baiskeli ipo?

#48 Mkimya

Ipo mkuu. Phoenix nyeusi. Tairi nimebadilisha mara tatu na cheni mara mbili, kengele ni ileile yake. Ndo naendea kazini.

#49 Kipepeo wa Usiku

Nimemaliza epizodi ya 16 sasa hivi. Nianzie kujibu wapi?